Ulezi

Kadi ya mwaliko imeniandika hivi:
Mlezi wa Mfuko, Bi Yudita Nhonya,
aliyekuwa mke wa Mtemi.
"Aliyekuwa" kwa herufi ndogo,
"Mtemi" kwa rangi ya dhahabu.

Nimeisoma nimesimama kiwandani, Kibaigwa,
viganja vikinata,
mashine ikitafuna alizeti ya Mzee Chilewa
na kutema shudu upande wa pili kama mtu anayebishana.
Umeme umekatika mara mbili tangu asubuhi.
Benki inataka rejesho Ijumaa.
Jumamosi kuna kambi ya macho.

Risiti ya kwanza katika faili langu si ya alizeti.
Ni ya ng'ombe kumi na wanane,
mahari niliyoirudisha mwenyewe
miaka sita, dumu kwa dumu,
maana baba alishafariki na kaka zangu
walikuwa wameoa kwa ng'ombe hao hao.
Wa mwisho alikuwa na pembe moja.
Mtemi akamtazama upande usio na pembe,
akasema, haya, wametimia.
Sikumchukia. Alikuwa mtu wa mvua,
na mvua haiulizwi ililala wapi.

Kijana wa matangazo kutoka mjini
alinishauri chupa ziandikwe Mafuta ya Malkia.
Akachora na taji.
Taji! Sisi tulikuwa na kigoda,
nguo nyeusi ya kuombea mvua,
na mimi, magotini, nikiwanawisha wageni mikono.
Nikamwambia: andika Alizeti. Lita moja. Imechujwa.

Lakini nisijisafishe sana.
Jina lile lile ninalolifukuza dukani
Jumamosi nalitandika kama mkeka.
Bila hilo wazee wa Mlali wasingepanda lori,
bila hilo mfadhili asingewalipa madaktari wawili.
Basi navaa kitenge, naketi mbele,
naamkiwa mbukwenyi, naitikia kwa sauti ya zamani,
na karani wangu ananong'ona sikioni:
Mama, haya madumu kumi, ni ya kuuza au ya ulezi?

Ulezi. Bibi yangu aliulima pembeni mwa mtama.
Punje zake zinaponyoka vidoleni,
kuzihesabu ni kujitafutia wazimu,
na bado alijua kipi kibaba cha pombe
na kipi cha uji wa watoto.
Mimi nina madaftari mawili,
la kijani la kiwanda, la bluu la macho.
Februari la kijani lilikopa kwa la bluu.
Siku nne tu. Nikarudisha.
Sijamwambia mtu ila wewe.

Jumamosi. Shule ya msingi, madawati yameunganishwa.
Kope zimegeukia ndani,
zinakwaruza jicho kila likifumba.
Wanawake hawa wamezing'oa miaka kumi
kwa koleo moja, mlango hadi mlango,
kama watu wanaoazimana chumvi.
Wa kumi na tisa kwenye foleni: mama yake Mtemi.
Hakuletwa kwa gari.
Alishika ncha ya fimbo, mjukuu ncha nyingine.

Jioni, bandeji macho yote mawili,
nikampelekea uji. Nikapiga magoti, sikusema kitu.
Akainua uso.
"Yudita. Goti lako la kushoto bado linalia."

Nikangoja aseme la ng'ombe,
la mwanawe, la usiku ule nilioondoka na sufuria moja.
Akanywa uji mpaka nusu. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.
"Shudu mnauza bei gani siku hizi?
Nina mbuzi watano."

Nikamtajia bei ya kiwandani.
Akasema ni ghali.
Tukaanza kupatana.