Yai Nambari Tisa

Lilikuja ndani ya soksi ya shule,
nyeupe, kisigino kimetoboka.
Mchoma makaa aliangusha mfunda,
kisha akapiga magoti kwenye tundu la gogo:
matatu yamepasuka, moja zima.
Akalileta Malindi kwa bodaboda,
dereva akienda taratibu kama aliyempakia bibi harusi.

Nikaliandika tisa kwa penseli. Wino haufai,
ganda hupumua.
Kiatamizi, nyuzi thelathini na saba na nusu,
bakuli la maji pembeni,
na kila saa tatu naligeuza, usiku na mchana,
mimi Nyevu ninayesahau vidonge vyangu vya presha.

Mama mkwe, kule Mijomboni, hajui ninalea nini.
Nimemwambia kware.
(Kware wapo, banda la pili. Si uongo mzima.)
Ningesema bundi, ningelala nje na mbuzi.

Usiku wa kumi na tisa stima ikapotea Barani yote.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza:
petroli Tsofwa alikuwa ameikopesha pikipiki yake.
Basi nikalitia kifuani, chini ya leso,
nikaketi wima hadi alfajiri,
nisisinzie, nisipige chafya,
na mbu nikawaacha wale washibe.
Karibu na adhana nikahisi: tok.
Kama ukucha mlangoni.
Mtu anabisha hodi kutoka ndani.

Kusema kweli alikuwa mbaya,
kidole gumba chenye hasira.
Nilimlisha panzi kwa kibano,
mkono nimeuvika soksi ileile,
nimeichora macho ya manjano,
na sikumsemesha hata neno. Ndilo sharti:
asizoee sauti ya watu,
asije akamfuata mwenye panga akidhani ni mama.
Wangu wanne niliwabembeleza hadi sauti ikanikauka;
huyu nilimlea kwa kunyamaza,
na ulimi uliniwasha.

Tukamwachia Sokoke, vuli ilipokatika.
Aliruka vibaya, akagonga tawi, akapotea.

Juzi nimelala Mijomboni.
Usiku, upande wa msitu, kilio chembamba,
mara saba, mara nane.
Mama mkwe akakurupuka: "Bundi! Nani tena anakwenda?"
Akapapasa gizani atafute chumvi, aitupe mekoni.
"Hakuna, mama. Lala."
Sikumwambia kuwa nilikuwa nikihesabu,
wala kwamba, mbali zaidi,
wa pili alikuwa akijibu.