Gari Linaitwa Kwao

Miaka sita, kila nikizungusha ufunguo,
mwanamke aliyejificha ndani ya dashibodi
hunisemesha Kijapani.
Nami, mtu mzima, humjibu: Marahaba.
Nilidhani ananiamkia.

Juzi Dismasi, mtoto wa dada, kaja Newala likizo.
Kakwangua tope kwenye namba ya chesesi,
kaipiga picha, kaingia kivulini na simu yake,
katoka uso umemshuka.
"Mama mdogo, gari lako linaitwa kwao."

Linaitwa!
Kama mtoto aliyevunja kioo cha shule.
Barua, anasema, ilishatumwa zamani
kwa mwenye gari wa kwanza, huko lilikotoka.
Siku hiyo lilikuwa melini, au tayari hapa kwangu,
likipanda kilima na madumu kumi na mawili ya maji.
Barua haikuijua njia ya Kitangali.

Kosa lenyewe: mfuko wa hewa katikati ya usukani.
Siku ya ajali, badala ya kunipokea kama mto,
unaweza kupasuka, unirushie vyuma usoni.

Fundi Chihute alisema bila kuacha kutafuna karanga:
"Chomoa fyuzi. Inapowaka ile taa, bandika plasta.
Kisichoonekana hakidaiwi."

Mimi si wa kukimbilia mafundi.
Breki nafunga mwenyewe, chali juu ya jamvi,
kanga kichwani, spana kumi na nne mkononi.
Plagi, shokapu, mkanda wa feni.
Chujio la hewa nalikung'uta msimu wa salfa,
linatema unjano wa mikorosho mpaka napiga chafya.
Miaka thelathini wodini nimesikiliza vifua vya watu;
injini nayo hukohoa, ukiwa na subira
itakwambia panapouma.

Basi nikachomoa betri. Nikangoja.
Nikaweka bisibisi kwenye usukani,
mkono ukakataa.
Kuna majipu niliyapasua mwenyewe, usiku, kwa taa ya chemli,
na kuna mengine niliyaangalia mara moja tu
nikachukua kalamu, nikaandika rufaa.

Bure, walisema kwenye simu, lete tu Dar.
Bure ya Ndanda, bure ya Mingoyo,
bure ya Nangurukuru na mafuta yake,
bure ya Rufiji, na kitanda cha gesti chenye kunguni wa bure.

Kwa wakala kuna viti vya ngozi na baridi ya kuhifadhia samaki.
Saa moja na nusu, mfuko mpya, sahihi hapa.
Kisha kijana mwenye ovaroli isiyo na doa
akaja na karatasi: "Mama, tumeona na mengine saba."
Nikaipiga hesabu kwa korosho.
Magunia tisa.

"Chujio chafu mno," alikuwa ameandika.
Nikamwambia, hiyo salfa, baba,
ndiyo iliyonunua mafuta yaliyonileta kwako.
Akacheka. Akauliza breki za mbele kafunga nani.
"Kwani zina nini?"
"Hazina kitu. Zimekaa vizuri."
Nikanyamaza, nikanywa kahawa yao, kikombe cha pili.

Na yule wa kwenye dashibodi, nikamuuliza, husema nini?
"Anasema hujachomeka kadi."
"Kadi gani?"
"Ya kulipia barabara za kwao."

Karatasi yao nimeitundika jikoni, karibu na kalenda ya parokia.
Manne nimeyamaliza, kwa magunia mawili na kucha moja iliyong'oka.
Bushi zinangoja mnada wa pili.
Hilo la saba sijalielewa bado,
na nina mashaka kama hata wao wanalielewa.

Leo alfajiri nimewasha.
Akasema maneno yake yale yale, kwa adabu ile ile.
Marahaba, mwanangu, nikamjibu.
Kadi sina.