Leo Sina

Niliweka kengele saa kumi na moja jioni,
saa ambayo mizani ya kiwanda inanyamaza
na wabanguaji wanatoka wakinusa mikono yao
kama mtu anayenusa barua.
Hapo, nilisema, ndipo moyo ulipo laini:
pesa ya kutwa bado haijapata jina,
haijawa unga, haijawa daftari la mtoto.
Ikamate hapo. Mia mbili tu.
Mguso mmoja,
na bajaji ya wazazi ya Kitangari
imepata tone jingine la petroli.

Nilijivunia ule mguso mmoja.
Wiki tatu, Newala, chumba cha nyuma ya duka la Nampota,
nikipunguza hatua: tano, tatu, moja,
kama fundi anayelainisha mpini
mpaka mkono usahau kuwa umeshika kitu.
Nikachora korosho changa ya kijani.
Kila siku unayotoa, inakua;
siku ya saba inaota bibo jekundu.
Siku usiyotoa, bibo linaanguka,
unaanza upya.
Linaanguka na mlio.
Mlio niliuchagua mwenyewe.

Akaja Asumini Chitanda, simu mkononi.
Simu haikitambui kidole chake.
Mafuta ya maganda yamekula mistari yote,
ncha zimekuwa laini kama mgongo wa kijiko.
"Hii yako inataka vidole," akasema,
"na mimi vyangu nimeviacha kiwandani."
Tukacheka. Nikamwekea namba ya siri.
Ndipo nikaona: siku arobaini na moja.
Hakuna aliyemfikia.
Nikampongeza. Akakaa kimya.

"Alhamisi mashine iliharibika, hatukupimiwa.
Nikamkopa Somoe mia mbili.
Ijumaa nikamkopa tena.
Bibo langu lisianguke."
Alisema *bibo langu*
jinsi mtu anavyosema mwanangu.
Kisha, akiwa mlangoni:
"Naye Somoe ana mimba ya miezi minane."

Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli.
Haba ya nani? Kibaba cha nani?
Kutoa ni moyo, walisema waliotutangulia,
nami nikauvika moyo kengele, kama mbuzi,
nikauita uchungaji.

Usiku nikaenda ukingoni, Shimo la Mungu,
mahali ambapo mtandao haukatiki,
nikafuta mlio.
Nikafuta orodha ya wanaoongoza.
Nikaweka kitufe cha pili,
upana ule ule, rangi ile ile:
LEO SINA.
Ukikibonyeza, bibo linabaki mtini.

Likapa, mshika hesabu, alishika kichwa.
"Umewajengea mlango wa kutokea!"
Na kweli, wiki ya kwanza theluthi ikatoweka.
Februari ghala likabaki na vumbi,
skrini yangu ikajaa:
leo sina
leo sina
leo sina
kama mvua inayoanza juu ya bati.
Lakini saa kumi na moja, kila siku, walikuwepo.
Watu mia na kitu wanapita mlangoni mikono mitupu
ili kusema tu kwamba wamepita.
Sikujua kuna neno la kulipima jambo hilo.
Likapa naye hakuwa na safu yake kwenye kitabu.

Siwezi kukwambia pesa ilirudi yote. Haikurudi.
Somoe alijifungua usiku, nyumbani, salama;
bajaji hakuihitaji.
Mambo hayafuati mchoro wangu.
Asumini alimlipa mia nne yake mwezi Machi
na siku ile ile akabonyeza *leo sina*.

Bado nina akaunti yangu ya majaribio:
siku mia moja na tisa bila kukosa,
mabibo yamejaa mti mzima,
yote ya pesa bandia.
Jana nikaifuta, nikajiandikisha kama mtu.
Kengele ikalia mfukoni.
Mia mbili nilikuwa nayo, na zaidi ya mia mbili.
Kidole changu, chenye mistari yake yote,
kikasimama
katikati ya vitufe viwili.