Kiatu cha Upande wa Pili

Mchana napima chai. Kilo kumi na mbili, kilo tisa na robo,
naandika, nachana stakabadhi, anayefuata.
Usiku, bati likichapwa na mvua ya Tukuyu
ambayo haijui kubisha hodi wala kuaga,
nawasha taa, nafungua kopo la maziwa ya unga
lililokwisha maziwa siku nyingi:
humo mna sindano nne, kastabini ya marehemu shangazi,
nyuzi za rangi, na watu.

Watu wa ukubwa wa kidole gumba.
Miili yao ni mabaki ya fundi Anyosisye,
ananiwekea kwenye rambo chini ya cherehani:
upapi wa sare ya shule, pindo la kitenge cha msiba,
mfuko wa suruali ya bwana ambaye hakurudi kuichukua.
Matumbo yao ni sufi ya mto wangu wa kulalia.
Kila mwezi kichwa changu kinashuka,
wao wananenepa.

"Unauza shilingi ngapi?"
Siuzi.
"Ni vya watoto basi?"
Watoto wangu wana ndevu.
"Sasa vya nini?"
Hapo huwa naulowesha uzi mate, nautafutia tundu la sindano,
na kutafuta tundu la sindano kwa macho ya miaka hamsini na sita
ni kazi inayomruhusu mtu asijibu.

Mwezi wa nne niliishona siku ile ya lori.
Mteremko wa kuingia kituoni, tope kama uji wa ulezi,
lori limeshiba majani mabichi, limekaa kitako,
na watu kumi na mmoja nyuma yake.
Nilitumia mfuko wa unga wa ngano,
nikaufua mpaka maandishi yakafifia
(neno "Kilo" bado linaonekana juu angani. Nimeliacha. Ni wingu.)
Mgomba nimeutia kwa mshono wa mnyororo,
mvua kwa mshono mrefu wa kulala, uzi wa kijivu, tone kwa tone,
jumla matone mia mbili na manne, maana mimi ni karani, nahesabu.
Dereva ni kiwiko tu, kimetoka dirishani.
Ambakisye anasukuma kwa mdomo.
Lugano kageuka, anatazama kama nami nasukuma.
Mimi simo. Nilikuwa nimeshika daftari.

Na Subilaga, tope magotini, mdomo wazi,
kilemba cha kijani.

Habari hutembea. Jumapili baada ya ibada akaja,
hakukaa, hakutaka chai.
"Nasikia umenishona."
Nikamwonyesha. Akainama mpaka pua ikagusa mvua.
"Kilemba changu kilikuwa chekundu."
Uzi mwekundu uliniishia, nikasema.
"Basi ungeningoja."

Akakivua. Kilikuwa ndicho chenyewe, kimepauka mikunjoni.
Akang'ata pindo, akavuta uzi mmoja mrefu kama deni,
akaniwekea kiganjani.
Nikafumua kijani palepale, yeye akinisimamia
kama wanavyonisimamia kwenye mizani.
Matundu ya kwanza yalibaki. Nyekundu ikapita humohumo,
ikakaa upande kidogo,
kama kilemba cha mtu aliyesukuma lori.

"Na kiatu changu?"

Maana siku ile tope lilikula kiatu chake cha kushoto,
hakikuonekana hata kiangazi,
na kituo kizima kilicheka wiki nzima,
nami nilicheka, huku nikiandika kilo zake.

Nikakigeuza kitambaa.
Upande wa pili, penye mafundo na ncha za nyuzi,
pasipotazamwa na mtu,
chini kabisa ya magoti yake:
kiatu. Cheusi, kisigino kimelika, kamba imefunguka,
kinaizidi punje ya hindi kwa kiasi kidogo sana.

Akakitazama kwa muda ambao ningepima magunia mawili.
"Kumbe ulijua kilipo," akasema,
akavuta kigoda.
Sasa chai akaitaka.