Umeme wa Saa Nane

Saa nane za usiku balbu inafumbua jicho
na Nyamugo nzima inaamka bila aibu.
"Kura! Kura imerudi!" anapiga kelele Iragi.
Si kura ya masanduku, mwanangu, usiamshe wazee.
Ni huu umeme wetu unaokuja kama mtu mwenye deni,
kwa kunyata,
na kuondoka kabla ya chai.

Ninaruka. Pasi kwanza.
Mashati meupe mawili, sketi ya bluu, kaptula ya bluu
iliyotoboka palepale nilipoitia kiraka Jumapili.
Simu tatu kwenye soketi moja, pamoja na taa ya Mama Cibalonza,
maana soketi yake iliungua siku ya Noeli.
Maharage kwenye resho: chemka, baba, chemka,
makala yamepanda bei tena.

Mugisho anavuta blanketi mpaka masikioni.
"Zima taa."
Mwanaume huyu huuomba umeme wiki nzima,
ukifika anauomba uondoke.

Ansima ameketi kitandani, macho makavu kama ya karani.
"Mama, mwalimu amesema asiyelipa kesho asije."
Kesho gani?
"Ya leo."
Ninapitisha pasi juu ya kola mara ya tatu,
kola iliyokwisha kunyooka kuliko njia yoyote ya Bukavu.
Nusu ya pesa iko ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Nusu nyingine bado inaogelea ziwani
na sambaza nitakaowauza Jumamosi, Mungu akipenda,
na wavuvi wakipenda.

Atosha, miaka miwili, ameamka kucheza.
Amekikuta kivuli chake ukutani,
anakipiga teke, nacho kinampiga teke,
anacheka mpaka kwikwi inamshika.
Jina tulimpa tukimaanisha Mungu atosha.
Majirani wakaelewa vingine:
"Eh, watatu tu? Mmefunga duka?"
Tukacheka. Tukawaacha waelewe hivyo.

Sasa kiatu cha Iragi, cha kushoto, hakipo.
Chini ya kitanda, hakuna. Nyuma ya bidoni, hakuna.
Iragi anaapa kwa jina la babu yake
kwamba kiatu kilitoka nje chenyewe.
Ninampiga kofi la mkononi,
nalijutia kabla halijafika.
Halii. Ananitazama tu,
na hilo ndilo linaloniuma,
anavyonitazama kama mtu anayesubiri nimalize.

Ni Ansima anayekiona, ndani ya ndoo ya unga,
cheupe kama kiatu cha bwana harusi.
Atosha anapiga makofi: kazi ni yake.
Iragi ndiye wa kwanza kucheka. Namshukuru kwa hilo,
ingawa simwambii, nampangusa unga puani
kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika.
Hata blanketi linatikisika.

Nainama karibu na blanketi hilo.
"Mugisho. Nimechelewa."
"Kwenda wapi?"
"Siku kumi na mbili."

Na umeme, kana kwamba nao umesikia,
unakatika.

Jirani mmoja analaani. Pasi inapoa mkononi mwangu.
Gizani nasikia kitanda kikilia,
nasikia mtu mzima akihesabu kwa kunong'ona,
sijui kama ni miezi, au vitanda, au ada za shule.
Anahesabu, anakosea, anaanza upya.
Namngoja.
Atosha anauliza kivuli chake kimekwenda wapi.

"Maharage yameiva?" anauliza Mugisho mwishowe.
"Nusu."
"Lala basi. Nitawasha makala."
Akashuka kitandani, miguu mitupu,
akakanyaga unga.