Jina Moja

Nimemkuta Ambakisye ziwani, saa kumi na mbili na robo,
ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Koti lake la kiwanda cha chai
limemvaa yeye kuliko alivyolivaa.
Miezi mitano shemeji yangu ananikwepa.
Akiona pikipiki yangu pale Katumba
huingia duka lolote lililo wazi.
Siku moja aliingia saluni ya kike.

Leo hana duka. Ziwa hili limechimbika kama chungu,
ukingo wake mkali, miti hadi majini,
njia ya kupandia ni moja
na mimi ndiye niliyesimama juu yake.

"Wanakula?"
"Wanaonja tu."

Nikakaa. Nina mwanzi, nina mshipi,
chelezo nimekikata kwenye kandambili ya dada yake
(hajajua bado),
na chubwi ni plagi ya pikipiki iliyokufa.
Akalisogeza kopo la minyoo katikati yetu
bila kunitazama,
kama mtu anayempisha mwenzake chumvi.

Ukungu ukateremka. Ukameza chelezo chake,
kisha changu, kisha ncha za mianzi.
Ndipo aliposema, akiyaambia maji:
"Ukungu ndio ulionimaliza."

Nikajua si huu.
Ni ule wa Februari, uliotua kwenye majani ya viazi
madoa madoa, kama mafuta machafu ya injini,
ukashuka mpaka shinani,
na laki mbili zangu za mbolea
zikanuka shamba zima.
Kiswahili nacho kina ubahili wake:
jina moja kwa huu uondokao saa tatu
na kwa ule uliobaki.

Sikumjibu. Mwanzi ukainama.
Perege, upana wa kiganja, anapiga mkia
kana kwamba anadaiwa yeye.
Ambakisye akaudaka mshipi bila kuombwa,
akaitoa ndoana mdomoni taratibu,
kama anayemfungua mtoto kifungo cha shingoni.

"Kopo langu, minyoo yangu," akasema. "Huyu nimemlipa mimi."

Nikampima samaki kwa macho.
"Elfu mbili. Imebaki laki moja na tisini na nane."

"Elfu tatu! Bei ya Tukuyu."

Nikamwambia hapa si Tukuyu.

Akacheka kwa pua, akafuta mikono kwenye koti,
akachagua mnyoo mnene zaidi.