Swali la Tisa

Karatasi ni moja, mbele na nyuma,
imerudufiwa hata wino umepauka.
Nawapa na kalamu iliyofungwa kwa uzi,
maana kalamu za zahanati ya tramu, hapa Ostrava,
zina miguu.

Sifuri: sisinzii kamwe.
Moja: huenda, mara chache.
Mbili: huenda, mara nyingi.
Tatu: nikikaa tu, nimekwenda.

Ukiwa kwa kinyozi.
Ukiwa kanisani, padri yuko katikati ya maneno.
Ukingoja maji ya chai yachemke.
Ukiwa umesimama kwenye taa nyekundu.

Dobromil Havránek, miaka ishirini na sita usukani,
alijaza upesi, kama mtu anayelipa faini.
Sifuri. Sifuri. Moja (kanisani;
hata mimi ningeandika moja).
Sifuri.
Macho mekundu, vifuko chini yake,
na koti kalifunga vifungo vikipishana.
Nikajumlisha: mbili.
Mtoto wa dada yangu ana miezi minne
naye angepata zaidi.

Simlaumu. Anajua, najua,
nambari ikipita kumi leseni inakaa kabatini kwangu
naye anapelekwa stoo kuhesabu misumari.
Tunamuuliza mwenye njaa kama chakula kinatosha
huku tumeshika sahani yake.
Halafu, nani aliyewahi kuuona usingizi wake mwenyewe?
Tunamwita shahidi mtu ambaye hakuwepo.

Swali la tisa liko nyuma, wengi hawaligeuzii.
*Je, kuna aliyewahi kukwambia kuwa unakoroma,
au kuwa pumzi yako hukatika ukiwa umelala?*
Visanduku vitatu: Ndiyo. Hapana. Sijui.
Hakutia alama popote. Pembeni, kwa herufi ndogo,
aliandika: *Alikuwepo.*

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata yake aliizika mwezi wa Machi,
theluji ikiwa bado haijayeyuka.
Kompyuta ilikataa jibu hilo.
Nikaacha pengo, nikamwita mwingine.

Alhamisi akarudi, si siku yake.
Kwapani, kalenda ya jikoni, ya mwaka juzi,
ile yenye picha za uyoga,
ina madoa ya mafuta na harufu ya jira.
Kwenye pembe za tarehe, penseli ya Květoslava:
14. 9. 22. 17. 22.
"Nilidhani mayai," alisema.
"Nilidhani mishono ya sweta. Sikuuliza."
Akafunua Novemba, akaweka kidole:
*31. Nimemsukuma. Amerudi.*

Tukanyamaza. Nje tramu ikapinda kona,
ile kona inayolia kila mara.
Sekunde thelathini na moja; jaribu kuzihesabu
gizani, sikio juu ya mdomo wa mtu,
kiwiko kiko tayari.
"Kwa nini hakuniambia?"
Nilijua, naye alijua.
Angemwambia, swali la tisa lingekuwa na jibu,
na mumewe si mtu wa kusema uongo
akishaambiwa ukweli.
Kwa hiyo alilala mang'amung'amu, yeye,
ili mwenzake alale kama pono na kuamka dereva.

Akaomba karatasi nyingine.
Safari hii alikwenda polepole, akilamba mdomo.
Kwa kinyozi: mbili. Maji ya chai: tatu,
birika moja limeungua, la pili linavuja.
Taa nyekundu, kituo cha Svinov:
kalamu ilisimama hapo muda mrefu
hata nikadhani amesinzia.
Tatu.

Nikachukua leseni yake, nikaitia kabatini.
Nikamweleza kuhusu hospitali: usiku mmoja,
nyaya kichwani, mkanda kifuani,
mashine itahesabu kila pumzi
na kila mahali pumzi ilipokosekana.

Alisikiliza kwa makini, kalenda iko magotini.
"Na ikifika thelathini na moja," akauliza,
"husukuma?"

Hapana, Bwana Havránek.
Huandika tu.